Koni ya Frieda

Tangu watengane, Torsten alikuwa amemwomba Silke jambo moja tu: koni ya binti yao aitengeneze yeye. Katika mji mzima wa Jena hakuna mtoto anayeanza darasa la kwanza bila kukumbatia koni ya karatasi ngumu iliyojaa peremende. Silke alikubali kwa shingo upande. "Ukiharibu hili," alimwambia, "usiniombe lingine."

Sasa ilikuwa Ijumaa alasiri, sherehe ya kuanza shule ni kesho asubuhi, na jikoni koni mbili zilikuwa zimeshaharibika.

Kisa chenyewe kilikuwa kopo. Majira yote ya joto, kila Frieda alipokuja kwa baba yake, walitia kitu ndani yake, chokoleti, rangi, kamba ya kuruka, mpaka likajaa pomoni. Torsten alikuwa ameahidi kwamba vyote vitaingia kwenye koni.

Koni ya kwanza aliipa mdomo sawa na wa kopo na kimo mara mbili yake. Kwa macho ilitosha na kuzidi. Ilimeza theluthi mbili, vilivyobaki vikatapakaa mezani. Ndipo alipokumbuka somo la shule: koni hubeba theluthi tu ya silinda yenye mdomo na kimo kama vyake. Ya pili akaipa kimo mara tatu. Ilibeba kila kitu, ila ukiisimamisha sakafuni ilimfika mtoto mabegani. Nani angeibeba hiyo?

Basi kimo akakifunga kwenye sentimita sabini, akatafuta upana. Kopo lilikuwa na kimo cha ishirini na nane, na kutoka katikati hadi ukingoni kumi. Kumi mara kumi, mara ishirini na nane, mara tatu, gawanya kwa sabini: mia na ishirini. Kipeuo chake cha pili, kumi na moja kasoro kidogo. Kumbe alikuwa akitolewa jasho mchana kutwa na sentimita moja. Alitamani kuipiga meza teke.

Gundi ya koni ya tatu ilikuwa imekauka wakati Gerlinde, mama yake Torsten, alipoingia na kuanza kusokomeza magazeti kwenye ncha.

"Mama, unafanya nini?"

"Naziba ncha isipasuke. Yako niliiziba, na ya baba yako ilizibwa."

"Nimepiga hesabu. Hakuna nafasi ya kuchezea."

"Basi piga tena, mwanangu."

Akapiga, makusudi amwoneshe. Magazeti yalikula theluthi ya kimo, lakini theluthi ile ya nchani ilikuwa sehemu moja tu kati ya ishirini na saba za ujazo, konzi ya peremende.

"Hizo atazitia mfukoni," Gerlinde alisema. Hata ugomvi Torsten alinyimwa.

Asubuhi, uwanjani shuleni, Frieda alipokea koni yake, akapepesuka. Ilikuwa nzito mno. Ujazo Torsten aliutafuta mpaka akaupata. Uzito haukumpitia hata akilini. Silke, simu ya kupigia picha mkononi, alimtazama Torsten. Torsten alijichukia kiasi cha kutaka kulia. Akapiga goti, akaishika koni kwa chini.

"Sogea, Torsten, unaingia kwenye picha."

"Asisogee," Frieda alisema nyuma ya koni. "Baba, usiachie."

Silke alisita. Kisha akarudi nyuma hatua moja, ili wote wawili watoshee.