Saa Nne na Dakika Kumi

Fundi aliisoma orodha mara mbili, kidole juu ya karatasi, kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Majina arobaini na moja, na la kaka yake halimo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mtu wa ofisini alikuwa amepiga chapa maneno mawili: na wengineo.

Yeye alikuwa mchonga mawe, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na kikohozi cha vumbi, na kazi ya kuchonga ukuta wa kumbukumbu ya vita ilimwangukia yeye kwa kuwa mjini hakukuwa na mwingine mwenye mkono ulionyooka. Kaka yake alikuwa tabibu wa kikosi. Kikosi kizima kilimwita Bandeji. Alifia darajani miaka ishirini na sita iliyopita, akihangaikia majeruhi, na leo wamemfanya wengineo. Fundi, dada mtu, alijipangusa vumbi, akakaza kilemba, akaenda ofisini.

Mkurugenzi wa kumbukumbu alikuwa na upole ule wa mtu mwenye jibu tayari kabla hujaketi. Alifungua jalada.

"Mama, mimi sina ubaya na marehemu. Lakini ukuta ni wa waliokufa wakipigana. Daftari la ghala la silaha linasema kaka yako alirudisha bunduki saa tatu asubuhi. Kuanzia hapo hakuwa mpiganaji."

"Aliirudisha ili abebe mfuko wa pili wa dawa."

"Hilo halikuandikwa."

"Kwa hiyo angekumbatia bunduki akalala nayo shimoni, leo mngemchonga."

Mkurugenzi alifunga jalada.

"Na hao wengineo ni wangapi?" fundi akauliza.

Ikabidi mkurugenzi achungulie tena jaladani. "Mmoja," alisema, na angalau aliona haya kidogo. "Uzinduzi ni Jumamosi. Chonga kilichoandikwa."

Fundi alirudi karakanani akiwa amefura. Alimkuta sajini mstaafu amekaa juu ya jiwe ambalo halijakatwa, gongo lake pembeni. Mguu wake mmoja ulibaki kule darajani, na kila mwezi alikuja kumjulia hali dada wa mtu aliyemwokoa. Fundi alimsimulia yote, kisha akasema, "Afande, niambie tena ilivyokuwa." Alikuwa ameshaisikia mara mia.

"Risasi zinanyesha, yeye yuko magotini ananifunga mguu kwa mkanda wake mwenyewe. Suruali inamvuka, na bado ananitania. Halafu akaniandika saa hapa kwenye paji la uso, ili wa hospitali wajue damu imezuiwa tangu lini. Ndio ilikuwa kazi yao hiyo, matabibu. Saa nne na dakika kumi. Alikandamiza kalamu mpaka nikamuuliza, bwana wewe, unaniandika au unanichonga? Akasema, nisamehe, baba yangu ni mchonga mawe. Akainuka kumfuata mwingine aliyekuwa analia. Hakufika."

Saa nne na dakika kumi. Zaidi ya saa nzima baada ya kurudisha bunduki yao hiyo. Fundi alilia palepale bila kujificha, kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Alipomaliza kulia alichukua rula, akapima nafasi ya wengineo. Jina la kaka yake lilienea, na chini yake saa.

"Watakufunga," sajini alisema.

"Wanifunge. Mnichongee na mimi."

Jumamosi asubuhi watu walijaa uwanjani, wajane mbele na wapiganaji wa zamani nyuma yao. Kitambaa kikavutwa. Mkurugenzi, kipaza sauti mkononi, alianza kusoma kutoka kwenye karatasi yake. Alipofika jina la arobaini na moja alivuta pumzi. "Na wengineo."

"Soma ukutani," sajini akasema kutoka nyuma.

Mkurugenzi akageuka, akaona. Alishusha kipaza sauti, akamwinamia fundi aliyekuwa kando ya ukuta. "Hilo litakwanguliwa, unanisikia?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa patasi na nyundo, akamwelekezea mipini. "Kwangua. Watu wote wako hapa."

Mkono wa mkurugenzi haukuondoka mahali pake. Aliitazama patasi, akawatazama wajane. Hakuna aliyeangalia pembeni. Hatimaye akainua kipaza sauti, akalisoma jina la kaka wa fundi kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji, kisha ile saa.

"Rudia," sajini alisema. "Huku nyuma hatujasikia."

Akarudia.