Matusi ya Mamba kwa Samaki

Mwaka wa tisini na nane, mvua zikiwa bado hazijakatika, hakukuwa na nyumba kuanzia Chienge hadi Kashikishi ambayo haikumjua Mama Chisense. Sura yake waliijua wachache, lakini sauti yake ilikuwa imeingia kila jiko. Chisense ni dagaa wa ziwa la Mweru, wale wa kumezwa wazima wazima, na Bénie, mwuza betri na sabuni pale sokoni Kashikishi, alijipa jina hilo kwa sababu, alisema, yeye naye ni mdogo lakini akikosekana mezani watu hununa. Kazi yake ya pili ilikuwa kuigiza kwenye kaseti. Alikuwa mke mwenza mwenye wivu, alikuwa askari wa forodha anayeogopa kuku, alikuwa mchungaji aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe, wote kwa koo moja tu. Watu walishika mbavu. Mitumbwi ya injini ilizipeleka kaseti hadi kisiwani Chisenga, hadi Kilwa na Pweto upande wa Kongo, na huko ziligombewa.

Sasa sikia ujanja wake, maana ndio uliomponza. Upande wa kwanza wa kaseti aliujaza yeye, upande wa pili akauacha mtupu. Akimaliza kuchekesha, alimwambia msikilizaji ageuze kaseti amjibu. Watu walipenda jambo hilo kupita kiasi! Mtu asiyejua kuandika barua alibonyeza vitufe viwili tu, akasema yaliyo moyoni, kisha akampa nahodha kaseti airudishe. Zikarudi kwa mifuko. Kulikuwa na salamu, maombi ya ndoa, jogoo wanaowika, bibi mmoja wa Pweto aliyemsimulia ugonjwa wa magoti yake kwa nusu saa nzima. Na nchi ile salamu haiachwi chini; ukiikalia kimya umemdharau aliyeituma. Kwa hiyo Bénie alisikiliza zote, ya kwanza hadi ya mwisho, akila betri za biashara yake mwenyewe.

Ndani ya mfuko kulikuwa na sauti moja ya mwanamume kutoka Chisenga. Hakutaja jina. Mara ya kwanza alisema dagaa mwenye mdomo mkubwa kiasi hicho angempasua tumbo kambare, na Bénie akacheka. Mara ya pili alisema sauti yake ni injini iliyokunywa maji. Mara ya tatu alisema hivi: "Mama Chisense, tumbo yako iko sawa mutumbwi ya kutoboka, haishike kitu."

Hapo Bénie hakucheka. Alisimamisha kaseti, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Na tena. Katika watu mia mbili waliomsifu hakuweza kukumbuka hata mmoja, lakini huyu alimjua kwa moyo, pamoja na kikohozi chake. Ndivyo tulivyoumbwa wanadamu, sijui nani alitukosea: sifa huingia sikio hili ikatokea lile, tusi likiingia linajenga nyumba.

Akaanza kujibizana naye akiwa peke yake jikoni. Ugali ulipoa mbele yake. Alipobonyeza kitufe cha kurekodi na kufungua kinywa, yule mtu alitangulia kusema kichwani mwake, na kitufe kikazimwa. Wiki tatu zikapita bila kaseti mpya, na wiki tatu hizo zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa siku ya kufunguliwa ziwa ilikaribia. Tangu Desemba serikali ilikuwa imezuia uvuvi ili samaki wazaane, na tarehe mosi Machi wavuvi wote wangeshuka ufukweni na nyavu zao. Kila aliyepita kibandani aliuliza kaseti ya ufunguzi iko wapi. Bénie aliogopa hata kuulizwa. Akaamua atauza redio yake, na Mama Chisense awe amekufa.

Alimpelekea habari hiyo Chanda, fundi wa injini za mitumbwi, aliyekuwa na redio ya milango miwili ya kunakilia kaseti za Bénie. Chanda alikuwa mtu wa Bena Ng'andu, ukoo wa Mamba. Bénie alikuwa wa Bena Isabi, ukoo wa Samaki. Kwa kuwa mamba hula samaki, koo hizo ni watani tangu enzi za mababu, pande zote mbili za ziwa. Wenyewe huitana banungwe, na mtani mmoja ni munungwe. Kila asubuhi Chanda alimtukana kama ilivyo haki yake, akimwuliza kwa nini hajakaangwa hadi leo. Asubuhi ile alimtazama mashavu, na tusi likamfia mdomoni. Bénie alipoona mtani wake ameshindwa kumtukana, ndipo alipojua kwamba anaumwa kweli.

Chanda aliomba mfuko wote wa kaseti. Akajifungia karakanani, akasikiliza tangu asubuhi hadi jua likavuka utosi, akatoka pua zimemtanuka.

"Munungwe," alisema, "mi tu njo niko na ruhusa ya kukutukana. Ile mutu anaiba kazi yangu."

Bénie alicheka, na kicheko kikaja na machozi, cha kwanza baada ya wiki tatu. Chanda akaukalia mfuko, hakumrudishia. Alimweleza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kaseti itakayofika masikioni mwa Bénie kabla ya kupita kwenye ya Chanda: salamu atamletea, uchafu ataujibu mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye meno. Yeye Bénie ale, alale, apige soga na wateja. Na tarehe mosi, akaongeza akisugua mikono kwa furaha, watakutana na mwizi wake ufukweni.

Siku yenyewe ilikuwa moto! Tangu alfajiri Kashikishi ilifurika. Injini zilikohoa, kwaya mbili za makanisa mawili ziliimba kwa kushindana, wachuuzi wa Kongo walishuka na mabeseni vichwani wakipiga bei za samaki waliokuwa bado majini. Chanda alikuwa amefunga spika kwenye ncha ya mtumbwi. Akatangaza kwamba kuna mtu amemtukana Samaki bila kuwa Mamba, na faini yake ni kuku, na kuku huyo awe na nyama. Umati ukapiga vigelegele. Kisha akabonyeza kitufe, na ile sauti ikatoka mbele ya ziwa zima: tumbo, mtumbwi, kutoboka. Bénie alitaka kukimbia, lakini angepita wapi, watu walikuwa wamebanana bega kwa bega.

Watu wa Chisenga wakageuka wote kumtazama mmoja wao. Kijana mrefu, wavu begani, akajitokeza anacheka, mikono ameitanua. Aliitwa Guylain, na furaha yake ya kumwona Mama Chisense kwa macho ilikuwa ya kweli kabisa.

"Mama, mi niko wa Bena Ng'andu," alisema. "Haikukuwa matusi. Nilikuwa nakufanyia utani."

Akaeleza kwamba kwenye kaseti moja Bénie alijitaja kuwa Samaki na kuwasalimu Mamba wote, naye akaona amekaribishwa. Ufukwe ukalipuka kwa vicheko. Chanda akashusha kipaza sauti, maana sheria ni sheria, Mamba hatozwi kuku kwa kumtukana Samaki. Kesi imekwisha. Kila uso ukamgeukia Bénie ukingoja acheke. Naye alijaribu, jamani, lakini mwili wake ulikuwa haujasikia hukumu. Akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti.

"Munungwe, nilizikaka mutoto yangu mwezi ya kumi na moja," alisema. "Jina yake ilikuwa Nsama. Bamamba bote ya hapa balikuya. Chanda njo alichimba kaburi. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakukuwa na mtu pale asiyejua kwamba mtani anayekucheka ndiye anayeshika jembe siku ya msiba wako. Anakuzikia, na anawachekesha wafiwa ili wasife na wao. Guylain alitukana kwa haki, lakini alitukana kupitia kaseti, na kaseti haikumwonyesha uso wa mama. Kicheko kilimtoka usoni. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshawasha injini, wanamwita. Miezi mitatu walikuwa wameiota asubuhi hii, na wa kwanza kufika ndiye hupata maji mazuri. Aliutua wavu mchangani. Akamwuliza Chanda jembe liko wapi, akapanda njia ya makaburini peke yake. Mtumbwi wake ukaondoka bila yeye.

Bénie alimtazama hadi akapotea nyuma ya mihogo. Kichwani mwake hakukuwa tena na mtu wa kumtangulia kusema. Akamwambia Chanda abonyeze kitufe cha kurekodi. Chanda alikuwa ameshabonyeza. Basi Mama Chisense akaingia kazini palepale: akawa mamba aliyeng'oka jino siku ya ufunguzi, akawa daktari wake, akawa hata lile jino lenyewe. Upande wa kwanza ulipojaa hakuuacha wa pili mtupu. Aliigeuza kaseti akaujaza mwenyewe, na watu waliokuja kuvua wakasahau kuvua.

Jua lilikuwa kichwani Guylain aliporudi, udongo hadi viwikoni, majani yamemganda suruali. Alisimama mbele yake, mbali kidogo, macho chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba kaburi la mtoto ni safi sasa, na kwamba mwisho wa mvua atarudi kulipalilia tena.

Bénie alimtazama miguu hadi kichwa, kaseti bado inazunguka.

"Mamba gani wewe," alisema kwenye kipaza sauti, "siku ya kwanza ya ziwa, na haukule hata samaki moja?"