Sahani Iliyopita Bila Maiti

Jumatano Papa David, mwenye nyumba, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kushonea. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama Germaine, mimi si muntu mubaya," alisema. "Proje ilikwisha, benye proje balipanda magari yabo, banaenda. Minangojea kodi mwezi muzima. Kuko muntu wa depo ya bia, anataka chumba kuanzia Jumatatu. Mukilipa mbele ya Jumapili jioni, mutabaki. Musipolipa, mutoshe mashine zenu inje."

Vijana wote kumi na mmoja waliacha kukanyaga mashine. 

Chumba hicho kilikuwa katika komini, yaani mtaa wa mji, iitwayo Kenya, kati ya fundi wa pikipiki na kanisa moja dogo la mabati. Mzee Idriss, mshonaji wa Kamalondo, alikuja mara tatu kwa juma kufundisha kukata na kushona. Lakini kazi ya chumba, kilicholipiwa kodi na mradi wa wageni, haikuwa kushona tu. Kila kijana alikuwa na mtu mzima mmoja aliyemfuata nyumbani, akamuuliza alilala wapi na alikula nini, na akaenda naye polisi akiitwa. Karibu wote walikuwa wametoka katika makundi yanayopora watu simu. Mama Germaine, muuza makala ya kupikia, alikuwa amepewa wanne. Mmoja wao aliitwa Chisanga.

Chisanga alikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yake, Hénoc, alikuwa amekamatwa na simu ya mtu karibu na soko, na watu wakamuua kwa mawe kabla polisi hawajafika. Siku ile Chisanga alikuwa nyuma yake hatua chache tu. Alikimbia. Wenzao wa kundi walikuwa bado wanamngoja, na habari za chumba zilipowafikia walimtumia ujumbe: "Jumatatu utakuwa bila kazi. Tunakuwekea nafasi yako."

Alimwonyesha Mama Germaine ujumbe huo kwenye simu, kisha akarudi kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi.

Alhamisi, katika sala ya shirika, jumuiya ndogo ya kanisa, familia za avenyu yao, barabara ya nyumba zao, zilikutana kama kawaida nyumbani kwa mmoja wao. Walipomaliza rozari Mama Germaine alisimama na kueleza. Aliomba kila lupango, yaani kila ua wenye nyumba zake, litoe kidogo, chumba kisifungwe. Watu walimsikiliza kwa heshima.

"Na Serikali iko wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Bazungu ba proje batarudi," alisema mwingine. "Bale habaachake kazi katikati."

"Mama Germaine, miye niko na bangu sita," alisema Princesse, jirani yake wa karibu. "Batoto ba bengine banaiba simu, njo miye nilipe mwalimu?"

Wengine walicheka. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna aliyesema uongo. Ndilo lililomwumiza Mama Germaine zaidi.

Alirudi nyumbani akifikiri juu ya matanga ya Hénoc. Watu walikuwa ni hao hao. Mtu akifa katika avenyu, sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa cheupe hupita mlango kwa mlango pamoja na karatasi ya majina, na hakuna anayekataa, hata mwenye deni, hata aliyegombana na marehemu. Siku ile sahani ilijaa kabla ya jua kutua. Hénoc alipata sanduku lenye vishikio, basi la kwenda makaburini, na bukari, yaani ugali, ya siku tatu kwa waombolezaji wote. Alinunuliwa hata viatu. Hakuwa amewahi kuvaa viatu vipya maisha yake yote.

Mama Germaine alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana," alisema, "wanatoa kwa ajili ya maiti. Nifanye nini watoe kwa ajili ya mzima?" Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka, aliamini amejibiwa.

Asubuhi ya Ijumaa alichukua sahani, akaifunika kitambaa cheupe. Alichukua karatasi. Hakuwa amewahi kuandika karatasi ya mchango isipokuwa ya matanga, kwa hiyo aliiandika vile vile: jina juu, mstari chini yake, kisha nafasi za watoaji. Juu aliandika: Chisanga na wenzake. Alifunga kitenge kiunoni jinsi mama wa avenyu wanavyokifunga siku ya msiba, maana alitaka waelewe uzito wa jambo. Kwenye kila mlango angewaeleza: tuchange mapema, tusingoje sanduku.

Hakupata nafasi ya kueleza.

Princesse alikuwa anafagia mbele ya lupango lake. Aliona kitenge, aliona sahani, akasoma jina. Fagio lilimponyoka mkononi.

"Chisanga? Chisanga wa Léa? Na huyu tena?"

"Ngoja, Princesse, sikiliza kwanza..."

Lakini Princesse alikuwa amekwisha kufungua fundo la kitenge chake, ametupa noti kwenye sahani, na ameinua sauti. Kilio chake kilipita ukuta. Lupango la pili likaitika, na la tatu. Watoto walikimbia mbele kupeleka habari. Mama Germaine alipiga kelele: "Hapana! Iko muzima! Iko muzima!" lakini nani husikia mtu mmoja katika kilio cha watu ishirini? Wanawake walitoka na vitambaa vichwani, wakaweka pesa kwenye sahani bila kumtazama usoni. Papa David mwenyewe alitoka kwake, akavua kofia, akatoa noti, akasema, "Masikini, na huyu alikuwa anaanza kuwa muzuri."

Habari ilimkuta Léa, mama ya Chisanga, kwenye nyanya zake sokoni. Alikuja mbio bila viatu. Alianguka mara mbili njiani. Alipofika mbele ya chumba cha kushonea hakuwa na sauti tena, alikuwa anafungua kinywa tu.

Chisanga alitoka na sindano mdomoni. "Mama? Nini?"

Léa alimpiga kofi. Kisha alimshika kwa mikono miwili, akamgusa kichwa, mabega, tumbo, kama mtu anayetafuta pahali palipotobolewa. Kisha akamgeukia Mama Germaine aliyekuwa amesimama na sahani.

"Weye," alisema. "Ulinizikia mutoto pamoja nami. Leo unakuja kunizikia wa pili, na iko hapa anashona?"

Mama Germaine aliweka sahani chini. 

Mchana ule shefu, mkuu wa avenyu, aliita watu wote kwake. Kwanza Mama Germaine alirudisha pesa, noti kwa noti, kwa kila aliyetoa. Wengi walizipokea wakitazama pembeni. Vijana, kwa upande wao, hawakuwa na huruma. Walikuwa wamekwisha kumpa Chisanga jina jipya.

"Marehemu, unaketi?" aliuliza Imani, msichana wa mashine ya kwanza. "Watu wa makaburini wanachoka haraka, ee?"

"Marehemu, unamwachia nani mkasi yako?"

"Nyamazeni," alisema Mzee Idriss, lakini ndevu zake zilikuwa zinatikisika kwa kicheko.

Shefu alisema kosa liko wazi: kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Aliamua kwamba Mama Germaine atampa Léa kuku na unga, na neno liishe.

"Sitaki kuku," alisema Léa.

"Basi unataka nini, mama?"

 Familia ya Léa ilitoka Mitwaba, mbali na mji, babu yake alikuja kufanya kazi ya reli, na alipokasirika alisema polepole, kama mtu anayepanga nyanya.

"Kwetu, muntu aliyeliliwa na iko muzima, anapita yeye mwenyewe mlango kwa mlango. Anasimama, wanamwona. Na kila nyumba iliyolia inamupatia kitu mu mukono, ili machozi yarudi. Nyumba isiyomupatia, ile inamutaka afe kweli. Mulilia bote. Nilisikia. Mutamupatia bote."

 Papa David alirudisha kofia kichwani.

"Na huyu," Léa alimwonyesha Mama Germaine kwa kidevu, "atapita nyuma yake, anabeba vitu. Kwa mabega yake. Asisaidiwe."

"Nitabeba," alisema Mama Germaine.

Chisanga ndiye aliyekataa. Alimfuata Mama Germaine mpaka kwenye makala yake, akasimama mbali kidogo.

"Mama, nionekane kila mlango kama mbuzi ya kuuzwa? Wale wote walikuwa hapo siku ya Hénoc. Wengine walitupa mawe. Minawajua."

Mama Germaine hakujua hilo. Aliketi juu ya gunia.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ukijua utafanya nini?"

Alifikiri. Alitaka kusema kitu cha Mungu, lakini kila neno lililokuja lilikuwa dogo kuliko kijana aliyesimama mbele yake. Mwishoni alisema: "Nilikukosea. Niliandika jina lako bila kukuuliza. Kama hutaki kupita, nitaenda kwa mama yako niombe adhabu nyingine; bila vitu hivyo vya kuuza chumba kitafungwa, na nitakufuata nyumbani vile vile, kila siku, hata kama hakuna mashine. Lakini nakuuliza sasa. Unataka chumba kibaki?"

Chisanga aliangalia mikono yake. Ilikuwa na alama za sindano.

"Nabakiza koti moja ya kumaliza," alisema. "Mzee Idriss anasema nikiimaliza bila kosa ataniweka kwa duka lake Kamalondo siku mbili kwa juma."

"Basi?"

"Basi nitapita. Lakini nitasema miye mwenyewe. Weye ubebe tu."

Jumamosi asubuhi walianza mwisho wa avenyu. Chisanga alivaa shati alilolishona mwenyewe. Nyuma yake Mama Germaine alikuwa na kikapu mgongoni na kingine mkononi. Nyuma yao, bila kuitwa, vijana wengine kumi.

Kwenye kila mlango alisema maneno yale yale. "Ni miye Chisanga, ndugu ya Hénoc. Mulinililia jana. Niko muzima. Ninashona pale kwa chumba, na kesho chumba kinafungwa kama hatulipi. Kile munanipatia mu mukono, chumba njo kitakula."

Princesse alitoa debe dogo la unga, akamkumbatia, akalia tena. "Usilie, mama," alisema Chisanga, "itabidi nipite mara mbili," na Princesse akacheka katikati ya machozi. Wengine walitoa sabuni, chumvi, dagaa, chupa ya mafuta ya mawese. Mjane mmoja, asiye na kitu, alitoa vitunguu viwili na akasema havitoshi. "Vinatosha," alisema Chisanga. Kwenye mlango mmoja alisimama muda mrefu kuliko kwenye mingine. Mwanaume aliyetoka hakumtazama machoni. Aliingia ndani, akarudi na jogoo mkubwa, akampa kwa mikono miwili. Chisanga alipokea jogoo. Hakusema asante. Mama Germaine aliona, akakumbuka mawe, akaendelea kutembea na mzigo.

Saa sita kikapu kilikuwa kimemwumiza mabega hata hakuweza kuinua kichwa. Imani alinyoosha mkono kumsaidia. Léa, aliyekuwa anawafuata kwa mbali, alisema, "Acha." Kisha baada ya milango miwili alimletea kikombe cha maji, akamshikia mdomoni anywe bila kutua mzigo.

Kwa Papa David walifika mwisho.

"Munanitega," alisema Papa David.

"Ulilia, papa," alisema Chisanga. "Ulivua kofia."

Papa David aliingia ndani, akatoka na gilasi ya sukari. Aliimwaga kwenye karatasi ambayo Chisanga alishika. "Iko hii. Chumba iko neno lingine. Nyumba hailipwe na unga."

"Unga unauzwa," alisema Mzee Idriss, aliyekuwa amefika kwa pikipiki kutoka Kamalondo. Na yeye, ambaye hakuwa wa avenyu ile na hakuwa amelia, alimpa Chisanga kipande cha kitambaa cha suruali, mita tatu, kizuri. "Hiki mutauza bei. Musikubali wa kwanza."

Jumapili Mama Germaine alisali misa ya kwanza. Kabla ya saa mbili walikuwa wametandika gunia sokoni: unga upande mmoja, sabuni upande wa pili, jogoo amefungwa mguu. Mwanzoni Chisanga aliona haya. Kisha alianza kuita.

"Karibuni, mama! Unga wa marehemu, bei ya marehemu!"

"Chisanga!" alisema Mama Germaine.

"Banacheka, mama. Tazama, banakuja."

Walikuja. Wenzake wa kundi walipita pia, watatu, mikono mifukoni. Mmoja alisema, "Kesho basi." Chisanga alikuwa anampimia mama mmoja chumvi. "Kesho iko na koti," alisema, bila kuinua macho, na akaendelea kupima.

Jogoo ndiye aliyeuzwa mwisho. Chisanga hakutaka bei ishuke hata kidogo.

Saa kumi walikwenda kwa Papa David. Alipokea pesa, akaziangalia, akaziangalia tena. "Hii ni mwezi moja," alisema.

"Ni mwezi mmoja," alikubali Mama Germaine.

"Na ule unaokuja? Mutamulilia tena?"

"Hapana, papa. Hakuna atakayeliliwa. Leo baada ya misa nilizungumza na shefu. Kila Jumamosi ya kwanza vijana watapita, mlango kwa mlango. Atakayetoa atatoa. Atakayekataa, tutamsalimu, na mwezi unaofuata tutapita tena."

"Watachoka."

"Labda," alisema Mama Germaine. "Sisi tutapita."

Papa David alitia pesa mfukoni na kuingia ndani. Hakutoa risiti. Mama Germaine alibisha tena, kwa upole, mpaka akarudi kuiandika.