Kufuli la Saa Ishirini na Nne

Fundi Kitasa alikuwa amekwisha kuharibu ufunguo mmoja, na saa mbili na nusu za asubuhi zilikuwa hazijatimia. Kila akipiga tupa mara tatu alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu juu ya kopo la skrubu, akaitazama, akairudisha. Kwenye kioo chake muda ulikuwa unahesabika kurudi nyuma: saa moja, dakika arobaini na sita, sekunde ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane.

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akapanga upya funguo zilizokuwa zimepangika.

"Kitasa!" aliita Mama Vocha kutoka kibanda cha pili, pale anapouzia muda wa maongezi na kubandika vioo vya simu. "Toka nimefika unazunguka humo ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikuletee kikapu?"

"Jiletee mwenyewe ukalie."

"Mimi sina yai. Wewe ndiyo uso wako una yai."

Siku nyingine angemrudishia mawili matatu, maana utani wao ulikuwa na miaka kumi na haukuwahi kulala deni. Leo alikuwa na shughuli na ile simu.

Shughuli yenyewe ilianza mbali. Mke wake alifariki miaka miwili nyuma, kwenye benchi la hospitali, akisubiri mashine ya kumsaidia kupumua. Mashine ilikuwepo, tena nzima. Ilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo, bwana mkubwa mmoja wa hospitali, alikuwa semina. Fundi alikitazama kile kitasa kwa jicho moja tu akakijua. Kitasa cha bei poa, cha kufunguliwa kwa waya hata kabla maji ya chai hayajachemka. Akasema, "Niacheni nifungue." Mlinzi akasimama mlangoni akasema hana ruhusa. Ruhusa ilipopatikana, benchi lilikuwa limekwisha kufunikwa shuka. Yule bwana mkubwa alihamishwa, akapewa hospitali kubwa zaidi. Ndivyo wakubwa wanavyoadhibiana wenyewe kwa wenyewe.

Tangu hapo saa tisa za alasiri zilimshinda. Ndiyo saa ambayo mkewe alikuwa anapita kibandani na kibakuli chake, anakaa kwenye kile kigoda, anaongea mpaka jua linapinda. Saa hiyo sasa mikono ilikosa kazi. Ndipo simu ikamfundisha kasino. Si lile jumba la watu wenye viatu vya kung'aa. Hii ilikuwa ya humo humo mkononi, magurudumu ya matunda na namba, unabonyeza yanazunguka, yanasimama, roho nayo inasimama. Alibonyeza miezi mitano. Siku aliyozinduka, mashine yake ya kukatia funguo za magari ilikuwa kwa mtu mwingine, na yeye amebaki na tupa, jiriwa na ile mashine ndogo ya kusaga funguo za milango.

Binti yake hakupiga kelele, jambo lililomtisha zaidi. Alikuwa mkunga mwenye vyeti visivyo na kazi, vimekaa kwenye bahasha mpaka bahasha imepasuka pembe, kwa sababu nafasi zilikuwa zinagawiwa huko juu kabla hazijatangazwa huku chini. Alimketisha baba yake mezani, akamwita na Mama Vocha kwa kuwa ndiye mjuzi wa simu.

"Siwezi kukulinda kama mtoto, baba," alisema. "Kama ni lazima ucheze, cheza kwa kipimo."

Mama Vocha alimpa somo kwa vidole. Kwanza, acha hicho kijumba cha kasino ulichotumiwa na mtu usiyemjua, tafuta chenye leseni, na namba ya leseni uihakikishe kwa wanaoitoa, siyo kuitazama tu chini ya ukurasa. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mhudumu, hata akijua jina la bibi yako. Dau liwe la pesa ambayo ikipotea utakula na utalala. Ukiliwa pesa, usirudi kuifuata. Ukishinda, toa, usiiache humo inyonywe. Bonasi ukipewa soma masharti, maana wanakupa kwa kijiko wanachota kwa ndoo. Na ukiwa na hasira au msiba, simu weka chini.

"Msiba ninao kila siku," alisema Fundi.

"Ndiyo maana tunakuwekea kikomo, mjomba wangu."

Wakaweka kikomo: kwa siku, dau lisilozidi bei ya kikombe cha chai na maandazi mawili, na dakika ishirini, basi, mtambo unamtoa wenyewe. Fundi alicheka kicheko kikavu. Leseni wanatoa wao wakubwa wa serikali, kodi wanachukua wao, bango kubwa la kasino wameliruhusu wao mbele ya geti la shule, halafu chini kwa maandishi ya sisimizi wanamwambia mtu acheze kistaarabu. Lakini alikubali. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa makufuli, lile kufuli lilimvutia. Kupunguza kikomo ilikuwa papo hapo. Kukiongeza, hapana: unaomba, unasubiri saa ishirini na nne, zikiisha unaulizwa tena kama bado unataka.

Aliwahi kufunga sefu ya aina hiyo kwa sonara mmoja. Hata mwenye mali aje na ufunguo wake, sefu inasubiri kwanza. Alimheshimu sana aliyeitengeneza.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya namba ya mtu wa kujulishwa kikomo kikibadilika. Akajaza ya binti yake.

Miezi mitatu alikaa ndani ya kipimo. Dakika zake ishirini za saa tisa alizipenda kuliko alivyokubali kusema. Ndipo barua ya kazi ya binti ikatoka: hospitali moja, safari ya kutwa nzima kwa basi, aripoti kesho asubuhi, asipofika nafasi ni ya anayefuata kwenye orodha. Basi linaondoka leo saa nne kamili.

Jana asubuhi, binti akiwa nyumbani anakunja nguo zake, Fundi aliketi kibandani akaanza kuiwaza ile nyumba. Vyumba viwili, sufuria moja, mtu mmoja. Dakika ishirini zikamwonea kidogo mno. Ilipofika saa nne na robo akaomba kikomo kiondolewe, chote. Mahesabu yake yalikuwa ya fundi: kengele ya sefu hulia mlango unapofunguka, hailii unapozungusha namba. Kwa hiyo kufuli litafunguka leo saa nne na robo, binti atajulishwa akiwa ndani ya basi, limekwisha kuondoka dakika kumi na tano zilizopita. Hatashuka. Kazi itakuwa salama, na yeye atakuwa na magurudumu yake.

Sasa alikuwa anahesabu hizo saa, na kila sekunde ilimkaa mwilini kama upele. Alifungua droo akasahau alichotaka. Mteja mmoja alileta ufunguo wa geti atengenezewe mwingine. Fundi akaufunga kwenye jiriwa kinyumenyume, akaupiga tupa meno yake mazima. Mteja alipiga kelele, akaondoka na ufunguo wake umeng'oka jino moja na maneno yake njia nzima.

"Huo wa pili leo," alisema Mama Vocha, sasa bila mzaha. "Una nini?"

"Sina kitu."

"Basi mwenye kitu huyo anakuja."

Binti yake alikuwa anavuka barabara, begi kubwa mgongoni, dogo mkononi. Walikubaliana kuagana nyumbani, na waliagana. Alifika, akalitua begi kubwa juu ya kigoda, akatoa simu yake, akaiweka mbele ya baba yake.

"Soma."

Fundi alisoma polepole, midomo ikicheza. Mteja wetu, mtu wako wa karibu, ameomba kuondoa kikomo chake. Ujumbe ulikuwa wa jana, saa nne na dakika kumi na sita.

"Umeingia jana?" aliuliza, kama mtu aliyeona mlango unafunguka upande wa bawaba.

"Jana. Nikasema nisikuulize, utaniambia mwenyewe. Tumekula pamoja, baba. Nikakuuliza, huna la kuniambia? Ukanijibu, kunja vizuri sare yako, itakunjamana."

"Nilidhani... Sefu hulia ikifunguka."

Mama Vocha alikuwa amekwisha kusogea, hakuna aliyemwita. "Ewe Kitasa! Sefu ni chuma kina adabu zake. Hii ni simu. Kazi yake ni umbea!"

Binti alitaka kucheka, akakizuia kicheko, kikamtokea puani. Kisha uso ukarudi ulipokuwa.

"Siendi," alisema.

Na hapo ndipo Fundi Kitasa alipojiogopa. Maana neno lile lilipomwingia, lilimwingia kama maji baridi mchana wa jua. Kifua kilifunguka. Haendi! Nyumba itakuwa na sauti, sufuria itapikiwa watu wawili. Furaha ilimjaa mpaka akalazimika kutazama chini asionekane. Akaviona viatu vya mwanawe, vipya, vilivyonunuliwa kwa kazi ya kusimama kutwa nzima.

Akamkumbuka mkewe kwenye benchi, na bwana mkubwa aliyekaa na ufunguo mfukoni. Akajiona yeye ndiye bwana mkubwa.

"Utakwenda," alisema.

"Nikakae wodini nimeshika mtoto wa mtu, mkono mwingine natazama simu kama umeuza nyumba? Siendi."

"Nafuta ombi. Tazama, nafuta." Alibonyeza. Zile sekunde zikatoweka, kikomo cha zamani kikarudi mahali pake. "Haya. Limekwisha."

"Umefuta leo. Keshokutwa?"

Alijijua. Keshokutwa angeomba tena, tena angejaza namba nyingine ya mtu wa kujulishwa, na angejipongeza kwa ujanja. Tayari sehemu moja ya kichwa chake ilikuwa inatafuta namba hiyo.

"Mama," alimwambia binti yake, kama alivyomwita tangu utotoni. "Sikuomba kwa sababu ya pesa. Niliogopa nyumba."

"Ungesema."

"Ningesema ungebaki."

"Na usiposema nimebaki vilevile! Hesabu gani hiyo?"

Saa ya kibandani ilisoma saa tatu na dakika tano. Fundi alimgeukia Mama Vocha. "Kuna ile nyingine. Uliniambia siku ile nikakataa."

Mama Vocha alimtazama kwanza. "Ya kujifungia kabisa? Ile ya mwaka mzima? Kitasa, ile haina kusubiri wala kuomba. Hata ukiwapigia ukalia, hawakufungulii. Na inakufungia kasino zao zote zenye leseni, siyo hii moja."

"Zisizo na leseni je?" aliuliza binti.

"Huko ni kwa wezi. Huko atakayemzuia ni yeye mwenyewe."

Fundi alilitoa kwanza salio lake dogo, kama alivyofundishwa. Kisha wakakitafuta hicho kitufe. Kilikuwa kimefichwa chini kabisa, baada ya zawadi, baada ya bahati ya siku, baada ya picha ya msichana anayecheka na sarafu. Akabonyeza. Simu ikamuuliza: una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Ikamwambia atakosa mizunguko thelathini ya bure, je, bado ana uhakika? Ndiyo. Ikamuuliza mara ya tatu, kwa herufi nyekundu.

"Wanaona haya hawa?" alisema kwa uchungu. "Siku ya kuingia hawakuniuliza hata mara moja. Mlango wa kuingilia wameupaka mafuta, wa kutokea wameuwekea vitasa vitatu!"

Kidole kilibaki hewani. Fundi aliwaza zile dakika ishirini za alasiri, magurudumu yakizunguka, kile kimya kitamu kichwani ambacho hakuna kitu kingine kilichowahi kumpa tangu afiwe. Hakuna aliyempa kitu badala yake. Wenye bango hawatampa. Wenye leseni hawatampa. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe, na mstari mmoja: akaunti yako imefungwa kwa miezi kumi na miwili.

"Namba ya siri ya simu unaijua," alimwambia binti. "Ukitaka kukagua, kagua."

"Sitaki kukagua. Nataka uniambie."

Binti aliliangalia begi. Kisha akalipandisha mgongoni.

Stendi ilikuwa umbali wa dakika kumi, wakaenda kwa nane. Fundi alibeba begi dogo, akitembea mbele, akirudi nyuma, akiwatukana wenye mikokoteni waliomzibia njia, akiwatukana na wakubwa waliojenga stendi isiyo na kivuli. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Binti alipanda, akapata kiti cha dirishani, akasukuma kioo mpaka kikakubali.

"Baba, lete mkono."

Aliunyanyua. Binti akaushika, akausikia.

"Unatetemeka."

"Utaacha."

"Lini?"

"Sijui. Leo hautaacha." "Leo itakuwa mbaya, mama. Nakuambia ukweli. Kesho pia nadhani."

Binti aliuminya ule mkono. "Nenda ukae na Mama Vocha."

"Yule? Mdomo ule?"

"Huo huo."

Basi likanguruma, likasogea, na kwa hatua kadhaa Fundi Kitasa alikwenda nalo, mkono juu, mpaka mwendo ukamzidi. Akabaki katikati ya stendi, watu wakimpitia huku na huku, hajui mikono aiweke wapi. Akaitia mifukoni. Akaitoa. Kisha akaifuata njia ya kurudi, haraka haraka, kama mtu anayesubiriwa.