Programu Zilizokondeshwa Mno

Odile Gagnier hakuandika programu, alizizalisha. Kompyuta ilichukua mbili zilizofanya vizuri, ikakata kipande huku na kipande kule, ikabadilishana, watoto wakazaliwa. Kazi yao ilikuwa moja: wapewe baridi ya usiku na joto la mchana, waseme kama kesho utomvu mtamu wa miti ya mepo utatiririka, wapika shira wanaouchemsha wajue siku ya kuwasha moto.

Shida ni unene. Kufikia kizazi cha sitini, programu bora ilikuwa na vipande elfu tisa, vingi vikiwa vya kuongeza saba kisha kuiondoa saba hiyohiyo. Kompyuta ilijikokota kama ng'ombe mjamzito.

"Ijumaa namleta mzee Thibault, mpika shira," alisema Profesa Haskell. "Ikishindwa kumjibu kabla hajamaliza kahawa yake, mradi nampa mwingine."

Basi Odile akaweka adhabu: kila kipande kiipunguzie programu alama. Akaenda kula. Aliporudi, programu zote elfu moja zilikuwa zimebaki na neno moja tu: hapana.

Akadhani kaharibu. Akarudia. Hapana. Alama zake? Themanini kwa mia. Akakaa akiitazama namba hiyo kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.

Ijumaa mzee Thibault akaja na matope yake viatuni, akamiminiwa kahawa.

"Kesho je?"

"Hapana," Odile akamsomea.

"Keshokutwa?"

"Hapana."

"Na tarehe kumi, ndoo zangu zilipofurika?"

"Hapana."

"Ninaye shemeji wa namna hiyo," alisema mzee. "Hatoki kitandani, na siku nyingi anapatia. Binti yangu, utomvu hutoka siku moja kati ya tano. Hizo nne hata paka wangu anazijua."

Profesa akatazama dari.

Hapo Odile akaona alichofanya: unene aliuadhibu zaidi ya alivyotuza kujua. Akaifuta ile adhabu. Sasa ufupi uangaliwe pale tu programu mbili zinapolingana kwa kupatia. Akaiendesha upya, mzee akapuliza kahawa taratibu, kwa huruma nadhani.

Ikatoka yenye vipande ishirini na tatu. Tarehe kumi: ndiyo. Kesho: ndiyo.

"Hiki kipande cha katikati kinafanya nini?" akauliza Profesa. "Kinaongeza sifuri."

"Hakifanyi kitu." Odile akakikata. Majibu hayakubadilika. Akaizalisha programu hiyo, na watoto wote wakatoka wajinga. Akakirudisha, wakapona.

"Kwa nini?" akauliza Profesa.

"Sijui. Labda kisu cha kuzalisha kikiangukia hapo, hakikati kipande chenye kazi. Labda."

"Labda," Profesa akarudia, akijikuna kidevu. "Basi endelea na mradi wewe. Siwezi kumpa mwingine kitu nisichoweza kumweleza."

Mzee Thibault alikuwa tayari mlangoni, akienda kutafuta kuni za kesho.