Mkono wa Chuma wa Odessa Tolliver

Siku moja baada ya mazishi ya mwanawe, Odessa Tolliver alikuwa akisugua kikaango cha chuma kwa chumvi, kama mama yake alivyomfundisha, maana sabuni hukiharibu. Alipogusa ukingo wa sinki, vidole vyake vililia kama kikaango chenyewe. Akavitazama. Vilikuwa vimegeuka chuma, vyeusi, hadi kwenye kiganja. Akakausha kikaango, akavikausha na vidole, akarudi sebuleni kuwapakulia wageni.

Wageni walikuwa wengi. Watu wa mtaa wa Pruitt, katika mji ule wa Alabama ambao tanuri zake za chuma zilizimwa zamani, walileta kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini na keki za limau. Kila aliyeingia alimshika mabega na kumwambia, "Wewe ni mwanamke wa nguvu, Dada Odessa." Walisema kwa upendo, na kila waliposema, chuma kilipanda kidogo. Keki ya mwisho ilipokatwa, kilikuwa kimepita kiwiko.

Odessa hakuwa amelia. Kanisani yeye ni mmoja wa akina mama wa gauni jeupe na glavu nyeupe, wanaowapepea watu wanaozidiwa. Hata siku ya kumzika mwanawe Cornelius alisimama na upepeo wake akawapepea wengine.

Cornelius alikuwa akisikia sauti. Siku ya kifo chake alikaa barazani, mkononi ameshika mpira wa kumwagilia maua, akizijibu. Odessa alipiga nambari ya dharura kuomba msaada.

"Mwanangu anaumwa," alisema. "Hana silaha. Nitumieni mtu wa kuongea naye taratibu."

Walikuja polisi wawili. Hawakuongea taratibu. Baadaye waliandika kwamba ule mpira ulifanana na bunduki. Mpira ulikuwa wa kijani, na maji yalikuwa yanatoka.

Chuma kilipofika shingoni, Odessa akaingiwa na hofu. Kilio cha kumlilia mwanawe kilikuwa bado ndani, na chuma kikishafunga macho, kilio hicho kitatokea wapi? Akaenda hospitali. Daktari, mzungu, akamgonga mkono kwa kalamu, ukalia vizuri.

"Unauma?"

"Mkono hauumi, daktari. Mimi ndiye ninayeumia."

"Ninyi mnajua kuvumilia," daktari alisema, kama anayempa zawadi, na chuma kikagusa kidevu.

Mshauri wa kusikiliza watu wenye majonzi alikuwapo, lakini ng'ambo ya mji, kwenye mitaa ya wazungu, na nafasi ingepatikana mwakani. Wa upande huu alikuwa amefungiwa ofisi. Pale hospitali wakampa Odessa kadi. "Ukizidiwa kabla ya hapo, piga nambari hii."

Ilikuwa nambari ileile.

Alirudi nyumbani akaketi jikoni. Jirani yake Verlene, anayewanyoosha watu nywele kwa kitana cha moto, akaingia bila kubisha hodi. Akamzunguka, akamkwaruza shingoni kwa ukucha.

"Unaota kutu, mwenzangu. Kikaango kinang'aa, mwenye kikaango anaota kutu. Aibu gani hii?"

"Niache, Verlene."

"Sikuachi. Tulia hapo. Na huo mkono usiniangushie mguuni, nina viatu vya wazi."

Akayeyusha mafuta ya nguruwe, akachovya kitambaa, akaanza kumpaka kuanzia kwenye vidole, akizungusha polepole kama watu wanavyopaka kikaango walichorithi. Alipofika kwenye kiwiko alikuwa akimsengenya yule mama wa kwaya anayekataa kumwachia mwingine kipaza sauti. Alipofika begani alikuwa akisugua kwa mikono miwili.

"Haya, na wewe niambie," Odessa alisema, mdomo ukifunguka kwa shida. "Niambie nina nguvu."

"Nani, wewe?" Verlene alichovya tena kitambaa. "Wewe umechoka, bibie. Kijiko tu hukiwezi. Nguvu ya kuwapepea watu kwenye maziko ya mtoto wako mwenyewe nani alikuomba? Lia nikuone."

Kidevu kikalegea. Machozi ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu, yakachafua kitambaa cha meza. Yaliyofuata yalikuwa maangavu. Odessa alilitaja jina la mwanawe kwa sauti, tena na tena, akasimulia jinsi alivyopenda kuvunjia mkate wa mahindi kwenye glasi ya maziwa. Verlene alichukua upepeo kwenye mkoba wa kanisani, akasimama nyuma ya kiti, akampepea mpaka giza likaingia. Hakuna aliyewahi kumpepea kabla ya hapo.

Chuma kilishuka shingoni, kikashuka begani, kikasimama kwenye kiwiko. Hapo kimebaki. Kila Jumamosi anakipaka mafuta pamoja na kikaango. Akina mama wa kanisa wameacha kumwambia lile neno, ingawa mchungaji bado husahau.

Siku hizi, mtu akizidiwa, mtaa wa Pruitt humpigia Odessa kwanza. Huenda na kiti chake na upepeo, akaketi, akaongea taratibu, na ule mkono akauweka upande wa barabarani, polisi wanakotokea. Nambari ya kwenye kadi haijabadilishwa, wala wanaokuja hawajabadilishwa. Siku nyingine Odessa huwahi. Siku nyingine gari lao hutangulia.