Milio Mitatu ya Imarti

Asubuhi ile Bidami hakula. Si kwamba alifunga, hapana. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, chapati ingepita wapi? Leo vikaragosi vya nyumba yao vinaingia kwenye kaseti! Kaseti nzima, pande zote mbili, nyimbo za Holi tupu, na kabla sikukuu hiyo ya kumwagiana rangi haijafika itakuwa inalia kwenye kila kibanda cha chai mjini Jaipur. Wewe ungekula?

Ghisu, mumewe, alikuwa na kiherehere cha bwana harusi. Masharubu ameyapaka mafuta, sanduku la vikaragosi kalipakata kama mtoto, anapanda ngazi za studio huku anahema. Studio yenyewe ilikuwa juu ya duka la masufuria. Nyuma yao alipanda Suvati, mke wa mwana wao Kana, ngoma begani, ushungi umemfunika uso mpaka kidevuni. Mkwe wa watu hasemi na baba mkwe. Akiwa na neno humpa Bidami, na Bidami humpelekea Ghisu, hata kama wote watatu wameketi mkeka mmoja.

"Mama, mwambie Baba sanduku liko wazi, karagosi Daroga ataanguka."

"Baba Kana, sanduku liko wazi."

"Nimesikia! Kwani mimi kiziwi?"

"Mama, mwambie sijasema ni kiziwi."

Mwenye studio, Tanwar, kijana mnene mwenye haraka zake, aliposhuhudia sanduku linafunguliwa alishika kichwa. "Mzee, vikaragosi vya nini tena? Kaseti haina macho!"

"Bwana mkubwa," Ghisu akasema, huku anagusisha kila karagosi kwenye paji la uso wake kabla ya kumweka chini, "bila hawa, mimi nitaimba na nani?"

Tanwar akacheka, akazima feni isije ikaunguruma ndani ya kaseti, akaingia kwenye kichumba chake cha kioo. Kuta zilikuwa zimebandikwa magodoro. Joto, jamani! Lakini nani alijali?

Sasa lazima ujue kwamba karagosi wa Kibhati, jamii ya wachezesha vikaragosi kama Ghisu, hana maneno. Ana boli tu: vipande viwili vya mwanzi, katikati ukanda mwembamba, vimefungwa kwa uzi, vinakaa nyuma ya meno ya anayevuta nyuzi. Ghisu hupuliza, karagosi akalia pi-pii-pi, na Bidami aliyekaa mbele ya pazia kando ya ngoma ndiye huwaambia watu kasema nini. Tangu aolewe ndiyo kazi yake. Daroga, yule askari wa mti mwenye masharubu, akilia pii, Bidami huruka: "Ati? Mkeo kakufungia nje tena?" Watu wanavunjika mbavu. Kisha wanakwenda kumpa mkono Ghisu.

Hilo Bidami alishalizoea. Lililomkaa rohoni lilikuwa jambo jingine. Kila wimbo wao una kaditama, ubeti wa kufungia, na kwenye kaditama hutiwa jina la mwenye wimbo. Hapo Ghisu hutoa kichwa pembeni mwa pazia, akatema boli kiganjani, akajitaja mwenyewe kwa sauti ya kuuza mboga: Ghisu! Nyimbo zote, hata zile alizorithi, miaka yote, Ghisu.

Lakini wimbo wa mwisho wa kaseti hii aliutunga Bidami, mikono imo kwenye unga. Juzi akamwendea mumewe wazi.

"Baba Kana, huu ni wangu. Kaditama itiwe jina langu."

"Umepigwa na jua? Jina la mke wa mtu lilie kwenye vibanda vya chai, wahuni waliitikie?"

"Lako si wanaliitikia wahuni haohao?"

"Mimi mwanamume."

"Haya, mwanamume. Tunga wako basi."

Hakutunga, maana hajui kutunga. Lakini hakukubali pia, na Bidami akaenda kulala na donge lake. Nani wa kumweleza? Mtaani yeye ni Mama Kana. Kwa Suvati ni Mama. Kwa wadogo wa Ghisu ni shemeji. Kwa Ghisu mwenyewe, wakiwa peke yao, ni "wee, unasikia?" Mtu mmoja tu duniani alikuwa bado anamwita Bidami, naye ni mama yake mzazi, aliyempa jina hilo kwa sababu siku anazaliwa baba yake alirudi na konzi ya lozi, badam kwa lugha yao. Mama huyo alifariki masika yaliyopita. Tangu siku ile hakuna kinywa kilichomwita Bidami, na alikuwa anaogopa, kweli anaogopa, kwamba na jina nalo limeshazikwa.

Basi. Tanwar akanyoosha kidole nyuma ya kioo, kaseti ikaanza kuzunguka.

Na walivyoimba! Imarti, karagosi mchezaji densi wa sketi nyekundu, alikatika mikononi mwa Ghisu mpaka njuga zake zikaingia kwenye wimbo, na Tanwar badala ya kukasirika akainua dole gumba. Suvati aliitandika ngoma kama ana kisa nayo. Bidami alitafsiri, akajibu, akatukana matusi matamu ya Holi ambayo siku hiyo hayamkasirishi mtu. Upande wa kwanza ukaisha bila doa. Ukageuzwa wa pili, nyimbo zikateremka moja baada ya nyingine, ukabaki wimbo mmoja tu. Wake.

"Hapohapo, msipoe!" Tanwar akapiga kelele. "Kaseti inakwenda kunakiliwa leo leo!"

Ghisu, furaha imempanda kichwani, akavuta pumzi kubwa ya kuanzia. Kubwa mno. Ikasikika *glu*.

Akasimama macho yamemtoka. Akajigusa koo. Akajigusa tumbo.

"Mama," Suvati akanong'ona chini ya ushungi, "muulize Baba kama ameimeza."

"Baba Kana, umeimeza?"

Ghisu akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Kila Bhati anayejiheshimu amewahi kumeza boli, baba yake Ghisu alimeza mbili na akaishi kuwazika madaktari wake. Itatoka yenyewe. Lakini Tanwar alitoka mbio kwenye kioo, jasho linamchuruzika. "Mzee! Unayo nyingine?"

Ilikuwepo. Bidami alifungua fundo kwenye pindo la ushungi wake akatoa boli mpya, maana boli za nyumba ile hufunga yeye uzi. Ghisu akaitia mdomoni, akakohoa akaitema. Akaitia tena, koo likagoma. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na tumbo likaguna *pii*, au walidhani limeguna, na Suvati akaangukia ngoma yake kwa kicheko.

"Kwisha habari yetu," Ghisu akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Na huu ndio wimbo wa kufungia."

Bidami aliitazama boli kwenye kiganja cha mumewe. "Nipe mimi."

"Wewe?"

"Boli gani uliyowahi kuipuliza ambayo sikuipuliza kwanza mimi? Unadhani nazijaribuje, kwa kuzitazama?"

"Na tafsiri?"

"Utafsiri wewe. Maneno si unayajua? Umeyasikia mwezi mzima nikikanda unga."

"Haiwezekani. Mwanamke hapulizi..."

"Inawezekana, inawezekana!" Tanwar akamkata, tayari anarudi mbio kwenye kioo. "Anzeni!"

Bidami akaisuuza boli kwa maji ya mtungini, akaiweka nyuma ya meno, akamchukua Imarti, akajivisha nyuzi vidoleni. Ngoma ikalia. Akapuliza.

Mungu wangu, raha iliyoje! Kumbe ndivyo inavyokuwa! Miaka yote yeye ni wa kungoja mti useme ndipo ajibu, na leo yeye ndiye mti, yeye anasema kwanza. Imarti aliruka, njuga zikalia, na Ghisu, pembeni yake, akaimba maneno akimkimbiza kama mtu aliyekosa treni:

*Daroga njoo uwani, usinune leo Holi,*
*Masharubu ya jirani yamepata rangi mbili!*

Katikati ya beti Bidami akachomeka kilio ambacho hakikuwa kwenye mazoezi, pii-pii-piiii, macho kayakaza kwenye masharubu ya mumewe.

"Ati?" Ghisu akasema, hana pa kukimbilia. "Unasema... unasema masharubu ya Daroga ni... ufagio wa zizini?"

Pi! Ndiyo.

Nyuma ya kioo Tanwar alikuwa anagonga meza kwa kicheko. Ghisu naye, mmpende au msimpende, mcheshi ni mcheshi. Akaanza kunogewa. Akajibu, akapigwa kijembe, akajibu tena. Ubeti baada ya ubeti, wakafika kwenye kaditama.

*Kaditama nimefika, rangi yote imekwisha,* Ghisu akaimba.

Bidami akapuliza mstari wa mwisho, na pale pa jina akalia milio mitatu, kila mmoja peke yake: pi, pi, pi.

Ghisu akafumbua mdomo. *Mtunzi mkimtaka, jina lake ni Ghi-su...*

Ikachechemea. Mlio mmoja ukabaki unaning'inia hewani, hauna mwenyewe. Bidami hakumwachia. Alimrudisha Imarti nyuma hatua moja, akampa Ghisu mstari uleule upya, kama ilivyo ada wimbo ukipendeza. Pi, pi, pi.

*Mtunzi mkimtaka, jina lake ni Ma-ma Ka...*

Ikamwagika. Maneno yakazidi milio mitatu, na Suvati akaguna chini ya ushungi. Hakuwa na wa kumtuma, Mama yake alikuwa na boli mdomoni. Akagonga ngoma tu, mara tatu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Bidami akazikaza nyuzi za Imarti. Boli haina maneno. Angeweza kulia mpaka kesho; neno lilikuwa kinywani mwa Ghisu, na Ghisu akitaka kunyamaza, wimbo utakatwa hapo na kaseti itakwenda sokoni hivyohivyo. Tanwar alishaanza kuzungusha kidole, *malizeni, malizeni*. Akapuliza mara ya mwisho. Pi. Pi. Pi.

Ghisu alimtazama mkewe. Si Imarti, mkewe. Masikio yalimwiva mekundu. Akapanua kifua, akaimba kwa ile sauti yake ya kuuza mboga:

*Mtunzi mkimtaka, jina lake ni Bi-da-mi!*

Likaenea. Likakaa mahali pake sawasawa, halikupungua, halikuzidi. Bidami alivuta pumzi.

*Glu.*

Suvati akasahau adabu zote alizofunzwa, akatupa ngoma, akamgeukia baba mkwe wake uso kwa uso: "Baba! Na Mama naye kaimeza!"

"Msikate!" Tanwar alikuwa anarukaruka ndani ya kioo. "Inabaki! Yote inabaki!"

Ghisu alishapiga magoti, kamshika mkewe mabega, rangi imempotea. "Bidami! Bidami, unapumua? Nijibu!"

Alikuwa anapumua vizuri tu. Boli ilikwishapita, hata haikumkwaruza. Lakini akafumba macho, akakaa kimya kidogo, ili mumewe amwite tena.